Picha ya Ubongo Ina Tarehe Yake: Madhara ya Virusi Vikali Kichwani na Namna ya Kuyasoma

Nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya uzamili katika radiolojia, zamu yangu ya jioni ililetewa mgonjwa wa kupigwa picha ya CT ya kichwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mdogo wake wa kike. Mashemeji wawili walifuata nyuma wakibishana kwa sauti ya chini. Fomu ya maombi ilikuwa na maneno mawili tu: kuumwa kichwa. Nilimpiga picha, nikaipitia kipande kwa kipande, nikamwita mkubwa wangu naye akaipitia. Hatukuona damu, hatukuona uvimbe, hatukuona kiharusi. Nikaandika: CT ya kichwa, hakuna hitilafu iliyoonekana. Ilikuwa Jumanne.

Yale ambayo fomu haikuyasema niliyasikia wiki moja baadaye kutoka kwa mdogo wake. Homa ilianza Jumapili. Jumatatu asubuhi mwalimu alilalamika kuwa kuna kitu kinaungua jikoni, ilhali jiko lilikuwa halijawashwa. Mchana alimwita binti yake kwa jina la dada yao marehemu. Alipotaka kutaja chaki, jina halikumjia. Akasema "ile nyeupe ya kuandikia". Shemeji mmoja alisema malaria imepanda kichwani, mwingine akasema huu si ugonjwa wa hospitali. Ndicho walichokuwa wakibishania pale mlangoni, na mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwao.

Maneno yangu yaliingia kwenye faili, na kuanzia hapo kila aliyelifungua aliyasoma kama hukumu. Ubongo ukahesabiwa kuwa mzima. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, na hata hivyo dawa ya malaria ilitolewa. Ijumaa akaandikiwa dawa za kutuliza na kuombewa nafasi katika wodi ya magonjwa ya akili. Usiku wa kuamkia Jumapili alishikwa na kifafa mara tatu. Jumatatu alihamishiwa hospitali nyingine yenye MRI, na picha ile ilionyesha sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili usawa wa masikio, zikiwa zimevimba na kung'aa. Dawa iliyostahili kuanza Jumanne ilianza Jumatatu iliyofuata.

Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. "Daktari," mdogo wake aliniambia kliniki miezi mitatu baadaye, "dada anakumbuka harusi ya mama yetu mdogo, anakumbuka hata rangi ya khanga tulizovaa. Lakini chai aliyokunywa sasa hivi haikumbuki. Mgeni akitoka nje kunawa mikono akarudi, dada anamkaribisha upya."

Makala haya yanaeleza kile ambacho picha ya ubongo huonyesha pale virusi vinapoudhuru mfumo wa neva, na kile ambacho haionyeshi. Yameandikwa kwa ajili ya watoa huduma za afya, na pia kwa wagonjwa na ndugu zao, kwa kuwa mara nyingi ndugu ndio wanaobeba bahasha ya picha kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Njia tatu za kuudhuru ubongo

Virusi huudhuru ubongo kwa njia kuu tatu, na kila njia huacha alama za namna yake. Katika njia ya kwanza, virusi vyenyewe huingia ndani ya seli za neva, huzaliana humo na kuziua. Hali hii ya ubongo kuvimba kwa maambukizi huitwa ensefalaitisi. Kirusi cha herpesi simpleksi aina ya kwanza, kile kile kinachowatoa watu wengi malengelenge mdomoni baada ya homa, ndicho mfano mkuu. Kichaa cha mbwa ni mfano mwingine.

Katika njia ya pili, virusi huharibu mishipa ya damu au huifanya damu igande kwa urahisi, na ubongo huumia kwa kukosa damu au kwa kuvujiwa nayo. Hapa virusi vyaweza visionekane kabisa ndani ya ubongo. Katika njia ya tatu, mfumo wa kinga wa mgonjwa mwenyewe, ukiwa umechochewa na maambukizi, hugeuka na kushambulia ubongo, mara nyingine wiki kadhaa baada ya homa kuisha. Mtoto aliyepona surua au mafua makali, kisha akapoteza nguvu za miguu na kuanza kusinzia ovyo, anaweza kuwa na tatizo la aina hii. MRI yake huonyesha mabaka makubwa meupe katika dutu nyeupe ya ubongo, yaani ile sehemu yenye nyuzi zinazosafirisha taarifa.

Njia hizi huweza kukutana ndani ya mgonjwa mmoja, na tiba zake ni tofauti. Ya kwanza hutaka dawa ya kuua virusi, ya tatu hutaka dawa za kutuliza kinga. Kuzichanganya kuna gharama, nami nitarudi kwenye jambo hilo.

Kwa nini CT hunyamaza mwanzoni

CT hutumia mionzi ya eksirei na hutofautisha vitu kwa uzito wake: mfupa huonekana mweupe, maji meusi, damu mbichi nyeupe. Ni kipimo cha haraka na chenye manufaa makubwa kwa mtu aliyegongwa na pikipiki au aliyeanguka ghafla. Lakini ubongo unapoanza kuvimba kwa virusi, kinachobadilika katika saa za mwanzo ni kiasi kidogo tu cha maji ndani na nje ya seli. Uzito wa tishu haujabadilika vya kutosha kuonekana. Ndiyo maana katika ensefalaitisi ya herpesi CT huweza kuwa safi kabisa kwa siku nne hadi sita za mwanzo, huku mgonjwa akiendelea kuharibika.

MRI haina mionzi. Husoma mwenendo wa maji mwilini kwa kutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Kuna aina ya picha za MRI zinazoonyesha mahali ambapo maji yamekwama ndani ya seli zilizovimba, na hizo zaweza kuonyesha athari ya herpesi ndani ya siku mbili za mwanzo. Takribani wagonjwa 90 kati ya 100 wenye ensefalaitisi ya herpesi huwa na MRI yenye hitilafu. Wanaobaki pia ni wagonjwa. Hata MRI safi, kwa hiyo, haitoshi kuufuta ugonjwa pale dalili zinapousema.

Kirusi cha herpesi kina mahali kinapopapenda. Hushika sehemu ya ndani ya lobu ya panja, yaani pande la ubongo lililolala usawa wa sikio, ambamo mna hipokampasi, kiungo cha kutunzia kumbukumbu mpya. Kutoka hapo huenea kwenye kunjo la ubongo lililojificha pembeni, na kwenye sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, juu ya macho. Mara nyingi huanza upande mmoja kisha ukafuata wa pili. Viini vya kina vya ubongo kwa kawaida huachwa, na alama hii humsaidia msomaji wa picha kutofautisha herpesi na kiharusi cha mshipa mkubwa wa kati, ambacho aghalabu huvikumba viini hivyo.

Anayeijua ramani hii huzielewa dalili za mwalimu wetu bila picha yoyote. Harufu ya kitu kinachoungua ilitoka lobu ya panja, ambamo umeme wa ubongo ulikuwa umeanza kuvurugika. Majina yaliyopotea yalipotea kwa kuwa lobu ya kushoto ndiyo huhifadhi maneno kwa watu wengi. Mtu mwenye homa anayenusa visivyokuwapo, anayekosa majina ya vitu vya kila siku au anayegeuka tabia kwa siku moja ameshatuonyesha kwa kidole mahali penye moto. Kumwita mgonjwa wa akili kabla ya kuuchunguza ubongo wake ni kosa, na narudia kusema kwamba ni kosa nililolisaidia kutendeka.

Saa zinazohesabiwa

Kabla ya kuwapo kwa dawa, takribani wagonjwa 70 kati ya 100 wa ensefalaitisi ya herpesi walifariki, na wengi wa waliosalia walibaki na ulemavu mkubwa. Majaribio mawili yalibadili hali hiyo, moja la Uswidi lililochapishwa mwaka 1984 na jingine la Marekani la mwaka 1986. Yote yalilinganisha dawa ya asaiklovia na dawa iliyoitangulia, vidarabini. Katika lile la Marekani, waliofariki walikuwa asilimia 54 kwa waliopewa vidarabini na asilimia 28 kwa waliopewa asaiklovia. Tangu hapo asaiklovia ya sindano imekuwa tiba ya ugonjwa huu duniani kote, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa hiyo huzuia virusi visizaliane. Haifufui seli iliyokwisha kufa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia wagonjwa 93, ulionyesha kuwa kuchelewesha asaiklovia zaidi ya siku mbili tangu mgonjwa alazwe ni miongoni mwa mambo yanayotabiri matokeo mabaya. Mwalimu wetu aliipata siku ya sita tangu afike hospitalini.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba dawa haisubiri picha. Mtu mzima mwenye homa na mabadiliko ya fahamu, ya tabia au ya usemi, au aliyeshikwa na kifafa kwa mara ya kwanza, na ambaye hakuna sababu nyingine iliyo wazi, aanzishiwe asaiklovia miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 8, kwa njia ya mshipa. Kila dozi iingie taratibu kwa muda wa saa nzima, na mgonjwa apewe maji ya kutosha, kwa sababu dawa ikiingia kwa pupa hujikusanya kwenye figo na kuziumiza. Wenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Watoto, hasa wachanga, wana viwango vyao, na ni vema kuvithibitisha kwenye mwongozo kabla ya kuvuta dawa. Ugonjwa ukithibitika, tiba huendelea kwa siku 14 hadi 21. Vidonge havifikishi dawa ya kutosha kwenye ubongo, hivyo kumpa mgonjwa vidonge kwa kuwa sindano zimekwisha stoo si tiba ya ugonjwa huu. Hapo jambo sahihi ni rufaa ya haraka.

Uthibitisho hutokana na maji ya uti wa mgongo kupimwa kwa PCR. Hapa nako kuna tarehe. Maji yaliyotolewa ndani ya siku tatu za mwanzo yanaweza kutoa jibu la kutokuwapo virusi, ilhali vipo. Iwapo dalili na picha bado zinaelekeza kwenye herpesi, kipimo hurudiwa baada ya siku tatu hadi saba, na dawa haikatizwi katikati. Mgonjwa aliyepungukiwa sana fahamu, mwenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili, aliyeshikwa na kifafa kipya au mwenye kinga dhaifu hupigwa CT kwanza kabla ya kutolewa maji hayo, ili kuhakikisha kuwa ndani ya fuvu hakuna mgandamizo unaoweza kuuhatarisha uhai wake. Hiyo ndiyo kazi halali ya CT katika ugonjwa huu, na huifanya vizuri. Antibiotiki ya homa ya uti wa mgongo pamoja na asaiklovia zianze wakati mgonjwa akisubiri zamu yake ya picha.

Neno moja kuhusu malaria. Katika maeneo yetu homa yenye kupoteza fahamu huelekezwa huko kwanza, na kwa mtoto mdogo ni haki. Lakini utafiti uliofanyika Malawi, ukachapishwa mwaka 2013, uliwapima watoto zaidi ya 500 walioshukiwa kuwa na maambukizi ya mfumo wa neva, na takribani robo yao walikutwa na virusi katika mfumo huo. Baadhi yao walikuwa na vimelea vya malaria pia kwenye damu. Kipimo cha malaria chenye majibu chanya hakifungi mlango kwa virusi, hasa kwa mtoto ambaye damu yake imesafishika vimelea na bado haamki.

Picha inayoonyesha jeraha bila kumtaja aliyejeruhi

Hadi hapa nimezungumzia picha inayoficha. Janga la UVIKO-19 lilitufundisha upande wa pili: picha iliyojaa hitilafu, huku virusi havionekani ndani ya ubongo.

Mjini Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2020, madaktari walichapisha taarifa za wagonjwa 58 waliokuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi kwa sababu mapafu yao yalishindwa. Arobaini kati yao walikuwa na fadhaa pale dawa za kulegeza misuli ziliposimamishwa. Waliopigwa MRI walikuwa 13. Wanane walionekana na utando wa ubongo uliong'aa isivyo kawaida baada ya dawa ya kung'arisha picha, na wote 11 waliopimwa mtiririko wa damu walikuwa na upungufu katika sehemu za mbele na za pembeni za ubongo. Wagonjwa saba walitolewa maji ya uti wa mgongo. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na kirusi humo.

Mwaka huo huo, hospitali 16 za Ufaransa zilikusanya picha za wagonjwa 37 wa UVIKO-19 mkali waliokuwa na MRI yenye hitilafu, bila kuhesabu viharusi vya kawaida. Picha zilijipanga katika mikondo mitatu. Wagonjwa 16 walikuwa na alama katika lobu ya panja, zikifanana kwa kiasi na za herpesi. Wengine 11 walikuwa na mabaka yaliyotawanyika katika dutu nyeupe, yakiambatana na damu. Tisa walikuwa na vitone vidogo vingi vya damu, kama mtu aliyenyunyiza wino. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa na damu ya namna fulani kwenye picha. Kirusi chenyewe kilipatikana katika maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja.

Vitone hivyo vinastahili maelezo, kwa kuwa vimewatisha wengi. Hukaa zaidi kwenye daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuviona mahali hapo kabla ya janga, kwa wagonjwa mahututi wasiokuwa na UVIKO-19 waliougua mapafu hadi kuhitaji mashine ya kupumulia, na hata kwa wapanda milima mirefu waliovimba ubongo kwa kukosa oksijeni. Uchunguzi wa ubongo wa marehemu uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2021 uliona mishipa midogo iliyochakaa na kuvuja, na kirusi hakikupatikana katika tishu ile. Maana yake ni kuwa sehemu kubwa ya madhara ilitokana na upungufu wa oksijeni, damu kuganda na mishipa kuvuja. Kwa muuguzi aliye kando ya kitanda, tafsiri ya picha hiyo ni oksijeni isiyokatika na uangalizi wa damu iliyoganda. Asaiklovia haina kazi hapo.

Wapo pia waliopata viharusi vya mishipa mikubwa, na wachache waliopata hali ya kutisha ambapo viini viwili vya katikati ya ubongo, viitwavyo thalamasi, huvimba na kutoka damu pande zote mbili kwa ulinganifu. Mgonjwa wa namna hiyo aliripotiwa Marekani mapema mwaka 2020. Hali hiyo ilikuwa ikijulikana tangu zamani kwa watoto wenye mafua makali, na inahesabiwa kuwa tufani ya kinga ya mwili yenyewe.

Tangu wakati huo huja kliniki watu waliougua kwa nyumbani tu, nao huniuliza kama ubongo wao umesinyaa. Swali lina chanzo chake. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2022 uchunguzi wa watu 785 waliopigwa MRI mara mbili, 401 kati yao wakiwa wameambukizwa UVIKO-19 katikati ya picha hizo mbili. Kwa wastani, walioambukizwa walipungukiwa zaidi na dutu ya kijivu katika sehemu zinazohusiana na harufu na kumbukumbu, kwa kiasi cha kati ya asilimia 0.2 na 2 zaidi ya wenzao. Huo ni wastani wa kundi la watu wenye umri kati ya miaka 51 na 81. Picha moja ya mtu mmoja haiwezi kuupima upungufu mdogo kiasi hicho, na mtu asiye na dalili hana sababu ya kuuza mbuzi ili alipie MRI ya kujiridhisha.

Virusi vingine navitaja kwa ufupi. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi, vinavyoletwa na kirusi kimoja, vinaweza kuharibu mishipa ya ubongo. Mtoto mwenye kiharusi aulizwe kama aliugua tetekuwanga ndani ya mwaka uliopita, na mtu mzima kama alipata mkanda wa jeshi kuzunguka jicho. Surua yaweza kujificha na kurudi miaka kadhaa baadaye kama ugonjwa wa kudhoofisha ubongo taratibu, usio na tiba ya kuuponya, ambao MRI yake ya mwanzo yaweza kuwa safi. Kinga yake ni chanjo. Na katika nchi zetu hakuna picha ya ubongo yenye hitilafu ya kuisoma kikamilifu bila kujua hali ya VVU ya mgonjwa, kwa kuwa kinga ikishuka sana hujitokeza magonjwa ambayo mtu mwenye kinga timamu hayapati.

Fomu, bahasha na mlango wa kliniki

Watu wa radiolojia tuna lalamiko la kudumu, na naomba wenzangu wa wodini wanivumilie. Fomu ya picha huletwa ikiwa na maneno mawili au matatu. Kwa fomu isemayo "kuumwa kichwa", jicho hutafuta damu na uvimbe, lisipoviona hupumzika. Kwa fomu isemayo "homa tangu Jumapili, Jumatatu kapoteza majina ya vitu, ananusa moshi usiokuwapo", jicho hukaa kwenye lobu ya panja na halitoki upesi. Andika tarehe dalili zilipoanza. Andika homa kama ipo. Andika upande wa mwili uliodhoofu. Andika hali ya VVU inapojulikana. Sisi nasi tuna deni letu: taarifa ya CT ya mgonjwa wa namna hii isiishie kwenye maneno "hakuna hitilafu". Iongezewe sentensi moja isemayo kwamba picha imepigwa siku ya pili ya ugonjwa, na kwamba ensefalaitisi ya mwanzo bado haijaondolewa. Tangu mwaka ule mimi sijaacha kuiandika sentensi hiyo, hata pale wenzangu wanaponiona mrefu wa maneno.

Kwa ndugu wa mgonjwa: tunzeni picha za zamani pamoja na karatasi ya majibu, kwa sababu picha ya pili hupata maana ikiwekwa kando ya ya kwanza. Semeni kilichobadilika, hata kama kinaonekana cha aibu au cha kipuuzi. Matusi kutoka kwa mtu mpole, kucheka msibani, kumwogopa mume wake wa miaka ishirini, yote hayo ni taarifa za kitabibu. Mgonjwa akipelekwa MRI, waelezeni wahudumu kama ana chuma mwilini, kifaa cha moyo au mabaki ya risasi. Mashine hupiga kelele kama nyundo kwenye bati lakini haiumi.

Jambo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Mgonjwa wa herpesi ya ubongo aliyetibiwa vema akaruhusiwa anaweza kubadilika tena baada ya wiki mbili hadi miezi kadhaa: akakosa usingizi, akafadhaika, na kwa watoto wadogo mikono na miguu ikaanza kucheza yenyewe. Familia hudhani virusi vimerudi, au hudhani ni hasira za ugonjwa. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 51, ulionyesha kuwa 14 kati yao, zaidi ya robo, walipatwa na shambulio la kinga ya mwili dhidi ya ubongo baada ya herpesi. Hii ndiyo njia ya tatu ikifuata nyayo za ya kwanza. Maji ya uti wa mgongo hayaonyeshi virusi tena, bali kingamwili zinazoushambulia ubongo. Asaiklovia peke yake haisaidii. Hutumika dawa za kutuliza kinga, na wengi hupata nafuu wakiwahi. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa itaje hatari hii kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na mahali pa kurudi.

Mwalimu hakupatwa na hilo. Huja kliniki kila baada ya miezi mitatu, akiongozana na mdogo wake, na shingoni amevaa daftari dogo lenye kamba ambamo huandika kila alilofanya na saa alipolifanya. Kila akifika hunisalimu kama mtu tunayekutana kwa mara ya kwanza, kisha hufungua daftari, hukuta jina langu, hucheka. MRI yake ya karibuni inaonyesha mapengo mawili yaliyojaa maji mahali zilipokuwa hipokampasi zake. Kwa idhini yake na ya mdogo wake, nimeiweka picha hiyo kando ya CT ya Jumanne ile, majina yakiwa yamefutwa, na kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wapya wa uzamili. Huwapa CT kwanza, bila maelezo, na kuwaomba waandike taarifa. Wengi huandika kile nilichoandika mimi. Kisha huwaonyesha fomu, na kuwauliza ni swali gani wangetoka mlangoni kuwauliza wale mashemeji wawili.